Baba wa mtaa mzima, na usiku ule ukuta ulipoanguka

SWALI

Shikamoo Bibi.

Nakuandikia kutoka Makorora, hapa hapa Tanga. Baba yetu ametutoka wiki 5 sasa, akiwa na miaka 70, na arobaini yake ni wiki hii inayokuja. Nimepewa kazi ambayo imeninyima usingizi, na mpaka sasa nimechana karatasi 4.

Baba alikuwa karani wa tali bandarini. Meli ikipakia au ikishusha, yeye husimama na ubao wake na kalamu ya risasi, anahesabu kila mzigo unaopita mbele ya macho yake: mistari 4 ya kusimama, wa 5 anaukatisha juu yake. Alianza mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, akastaafu 2015. Miaka yake yote hiyo meli kubwa zilikuwa hazifiki gatini kwetu, kina hakitoshi. Zilitia nanga nje na mizigo ikaenda na kurudi kwa matishari. Kwa hiyo baba alikuwa karani wa juani, siyo wa mezani. Akirudi nyumbani alinukia mkonge na dizeli. Hesabu alitufundisha kwa marobota: robota la mkonge kilo 250, manne tani moja. "Marobota 36?" Usipojibu 9 upesi, sahani haisogei.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlipa. Ya pili haikumlipa, na ndiyo iliyomjulisha mjini. Baiskeli yake ya Phoenix ilikuwa na sururu na beleshi kwenye keria, zimefungwa kwa mpira wa tairi, usiku na mchana. Mtu akifa mtaani, hata mtaa wa tatu, baba yuko makaburini kabla ya wenye msiba hawajamaliza kuagiza sanda. Ardhi yetu unaijua, ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, na wengi huchoka hapo. Yeye ndiye aliyeitwa wanapochoka wenzake. Alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana. Akisikia kuna maiti hospitali hana ndugu, yeye na wenzake 3 au 4 wanakwenda kumchukua, wanamkosha, wanamzika. Alichangia damu kila baada ya miezi 3 mpaka alipofika miaka 65 wakamwambia basi mzee, pumzika. Kabla ya masika alizibua mtaro wa mtaa mzima.

Siku ya maziko yake sikuona mwisho wa watu. Kila aliyenishika mkono aliniambia, "Tumempoteza baba." Na mimi Bibi, Mungu anisamehe, moyoni nikawa nasema: ninyi mlimpata, sisi tulimpata lini?

Nina sababu. Mimi nilizaliwa 1988, mwaka ule Coastal Union walipochukua ubingwa wa Bara. Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997, nina miaka 9. Usiku ukuta wa jikoni kwetu ukaanguka. Mama alikuwa peke yake na sisi watoto 4, mdogo yuko mgongoni. Alitupandisha kitandani, akaegemeza mlango wa jiko kwenye ule upande uliobaki na kuukingia mgongo wake hadi alfajiri ili paa lisitufuate. Baba alikuwa mitaa 3 mbele, anahamisha vitu vya watu. Alirudi kunapambazuka, ameloa, na mgongoni amebeba mtoto wa mtu mwingine. Nilimwona mlangoni. Sijaisahau sura ile mpaka leo, na sijawahi kumwambia.

Sasa ba' mdogo kanipa mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niandike wasifu wa baba usomwe siku ya hitima, halafu uchapwe kijitabu kwa ajili ya wajukuu. Kaka mkubwa anasema niandike mazuri tu, maiti hasemwi. Yeye anataka fulana 100 zenye picha ya baba na biriani ya nguvu. Nikiandika mazuri tu naona nasema uongo. Nikiandika ule usiku naona namvua nguo baba yangu mbele ya watu.

Na kuna jambo jingine. Ndani ya bati la biskuti tumekuta madaftari yake 3. Moja ni hesabu za chama. Moja lina majina ya watu na fedha, naona ni madeni, na kweli wameanza kuja watu wawili watatu kusema baba aliwakopesha. La tatu lina mistari tu, mitanomitano kama ya tali, ukurasa baada ya ukurasa, bila neno hata moja. Chini ya madaftari kulikuwa na bahasha ya shilingi 640,000. Kaka anasema hizo ndizo za biriani.

Mama yuko eda na sitaki kumsumbua. Nifanyeje?

Msomaji, Makorora


JIBU

Marahaba mwanangu, na makiwa. Barua yako nilikujibu kwanza kwa simu kwa sababu arobaini haingoji gazeti, na nakushukuru umeniruhusu niichape. Niliyokuambia kwa haraka siku ile nayaandika hapa kwa utulivu, na mengine ambayo simu haikuyamaliza.

Nianze na bahasha, maana hiyo haina mjadala mrefu. Baba yako alikuwa mweka hazina. Fedha iliyokutwa pamoja na daftari la chama ichukulieni kuwa ni ya chama mpaka hesabu iseme vingine. Waiteni mwenyekiti na wajumbe wawili, fungueni daftari mbele yao, hesabuni, waandike wamepokea. Ikizidi, hiyo iliyozidi ndiyo ya baba. Karani wa tali aliyehesabu mali ya watu miaka 37 asije akaharibiwa jina lake kwa sufuria la biriani, ndani ya wiki 6 za kufa kwake. Mwambie kaka yako maneno haya kwa upole, na mwambie yametoka kwangu.

Hata hiyo ya baba yenyewe ina utaratibu. Gharama za mazishi kwanza, kisha madeni aliyokuwa akidaiwa yeye, kisha wasia kama aliuacha, usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Chakula cha hitima kipikwe kwa mifuko ya wanaotaka kupika. Na hao wanaokuja kusema walikopeshwa, wapokeeni kwa heshima, wengine wangenyamaza. Deni hilo sasa ni la warithi wote. Wewe unaweza kusamehe fungu lako, hutaweza kumsamehea mama yako wala kaka yako fungu lao. Kaeni pamoja muamue. Daftari lile likishamaliza kazi yake lisizungushwe mtaani, wala jina la mtu hata mmoja lisiingie kwenye kijitabu. Wamesitiriwa na baba yako akiwa hai, muwasitiri na ninyi.

Fulana sina neno nazo. Vijana wanapenda kuvaa picha ya mpendwa wao, wavae.

Sasa tuje kwenye karatasi zako 4 ulizozichana.

Nilifanya kazi ya ukunga na uuguzi miaka 31, kwa hiyo watu kama baba yako nawajua kwa upande ambao wewe hukuuona. Niliwaona wakija saa za jioni, wamevaa kanzu zilizofifia, mmoja ameshika sanda ndani ya mfuko wa plastiki, wanauliza kwa sauti ndogo kama yule marehemu wa wodi fulani amepatiwa ndugu. Hakuna aliyewatuma. Wanajua sanda ya mwanamume ni nguo 3 na ya mwanamke ni 5, na wanakuja na zote kwa sababu hawajaambiwa maiti ni nani. Sisi wauguzi tulikuwa tunafurahi kuwaona kuliko unavyoweza kufikiri. Mgonjwa uliyemlisha uji wiki nzima, akikata roho hana mtu, unabaki nayo kifuani. Wao walikuwa wanatuondolea. Sijui kama baba yako alikuwa mmoja wa niliowaona. Kama alikuwa, nilimwambia asante mara moja tu nadhani, na haikutosha.

Haya nakuambia ili ujue sitaki kumpunguza. Alikuwa mtu mkubwa.

Na mimi niliolewa na mtu wa namna hiyo. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mume wangu akauchukua ule wito kama ameandikiwa yeye peke yake. Miaka mingi, jioni 4 kwa wiki, alifundisha kisomo chini ya mwembe. Wavuvi, wakata mkonge, akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Alipokufa walisimama wazee wakasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu." Watu walilia. Mimi nililia.

Lakini usiku hakuna kisomo bila taa. Taa ilikuwa karabai, na karabai ile nilikuwa naitia pumzi mimi. Nilikuwa natoka zamu, nabadili nguo, nasafisha kioo, naitia mafuta ya taa niliyonunua kwa mshahara wangu, napampu mpaka utambi ukae mweupe, ndipo mwalimu anaichukua anakwenda nayo mwembeni. Mimi nabaki nyumbani na kibatari na watoto. Siku ya msiba hakuna aliyeitaja karabai. Sikukasirika siku ile. Nilikasirika miaka 6 baadaye, mjukuu wangu alipoyasikia mambo ya babu yake yote akaniuliza, "Na wewe Bibi ulikuwa unafanya nini?" Hakuwa na ubaya, mtoto wa darasa la 3. Nikaona kumbe tumehadithia nusu.

Wewe umeniandikia barua nzima unajiuliza kama utaje ubaya wa baba au uufiche. Isome tena. Kilichokukwama hapo si baba. Ni mwanamke aliyekinga paa kwa mgongo wake mpaka alfajiri, na hajatajwa na mtu yeyote katika wiki hizi 5. Baba yako aliweza kuwa mitaa 3 mbele usiku ule kwa sababu alijua nani yuko nyumbani. Kujitolea kule kulikuwa kwa watu wawili, na mmoja wao yuko hai, amekaa eda chumba cha pili.

Kaka yako hakukosea aliposema maiti hutajwa kwa mazuri. Ndivyo tulivyofunzwa, na mimi nayashika. Ila kusema mama alikinga paa si kumsema baba. Ni zuri la mama, na yeye yuko hai ayasikie. Uandike ule usiku. Uandike wote: mvua, ukuta, mlango wa jiko, mtoto mgongoni kwa mama na mtoto wa jirani mgongoni kwa baba. Usiweke neno la kumtetea wala neno la kumhukumu. Usiseme "lakini alitupenda." Usiseme "hakutujali." Mtu yeyote atakayesikiliza ataona migongo miwili na ataelewa mwenyewe.

Umeniuliza kwenye simu mimi naonaje, nikakwepa. Sasa nakujibu. Naona usiku ule angepita nyumbani kwanza. Dakika 5 zingetosha, amwone mke wake, ajue paa liko wapi, kisha aende. Hilo nalisema kwako wewe, na nimelisema mara nyingi kwa marehemu wangu mwenyewe kimoyomoyo. Halihitaji kipaza sauti. Ni lako na la mama yako, kusamehe au kubaki nalo, na hakuna wa kuwapangia siku.

Kuhusu uandishi wenyewe, gawa kazi mara mbili. Ya arobaini iwe kurasa 2, isomeke kwa dakika 10, watu wamekaa kwenye mikeka na jua linapanda. Kijitabu cha wajukuu kisubiri, hakina haraka. Katika zote mbili ogopa maneno makubwa. Ukisema "alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu", hayo yanamfaa kila aliyekufa Tanga nzima. Lile sururu kwenye keria lililofungwa kwa mpira wa tairi ni la baba yako tu. Marobota 36 na sahani isiyosogea ni la baba yako tu. Nenda kwa waliochimba naye uwaulize alikuwa anasema nini wanapofika kwenye jiwe, na nani alikuwa anashuka kuchonga mwanandani. Watafute makarani na makuli wa zamani waliobaki. Leo gati imeongezwa kina, meli zinasogea hadi ukutani, na vijana wanaofanya kazi pale hawajui kuhesabu mizigo juu ya tishari linaloyumba ni kazi gani. Wajukuu wenu hawatajua wasipoelezwa ilikuwaje: alipanda kwa ngazi gani, alikula nini mchana, mvua ikinyesha karatasi ya tali aliificha wapi. Hilo usilifupishe. Mtu aliyetumia miaka 37 katika kazi anastahili kazi yake ielezwe sawasawa.

Sururu lenyewe msiliweke ukutani kama picha. Mpeni kijana anayechimba.

Limebaki daftari la mistari. Kwenye simu uliniuliza ni nini na ukanipa dhana 3, makaburi, damu, siku za kuchelewa nyumbani. Dhana ya tatu uliisema kwa sauti iliyobadilika nikakusikia. Mwanangu, usikisie. Wewe ni mwalimu, ukiona hesabu ya mwanafunzi huielewi humwandikii jibu, unamuuliza. Baba hayupo, ila yupo aliyelala naye chumba kimoja na kuona kalamu ile ikichora. Yawezekana na yeye hajui. Lakini umpe nafasi ya kusema hajui.

Unasema hutaki kumsumbua kwa kuwa yuko eda. Eda ni miezi 4 na siku 10, na ninyi mko wiki ya 5. Mjane anakaa nyumbani kwake, anaacha mapambo na manukato, hachumbiwi. Hakuna mahali alipokatazwa kusema. Nimeona wajane wengi wanaachwa katika ukimya watu wakidhani ni heshima: wanaletewa chakula, wanafunikiwa shuka, wanazungumziwa juu ya kichwa chao. Mama yako ameishi na mtu huyo miaka zaidi ya 40, na kila siku mnakaa barazani kuuliza wengine alikuwa mtu wa namna gani.

Kwa hiyo kesho, baada ya alasiri, wageni wakiwa wamepungua, ingia chumbani kwake. Usiingie na kalamu. Ingia na kikombe cha chai na lile bati la biskuti, ukae chini, uliweke katikati yenu, umwachie alifungue mwenyewe. Usianze na El Niño, mtafika huko. Anza na kitu kidogo. Muulize baba alipokuwa akirudi makaburini usiku wa manane, miguu imejaa udongo, maji ya kuoga alikuwa anayakuta wapi, na nani aliyeamka kuyapasha moto.